Madole Mawili ya Tom Chupa

Nyie mliobaki ofisini mliniomba niandike mambo ya kazi yangu, niliyoyaona na niliyofundishwa, kabla sijayasahau. Nikaanza vizuri tu. Niliandika juu ya mchwa waliokula nusu ya faili la bandari, na juu ya yule mkubwa wetu aliyetundika ramani ya bahari juu chini, ikakaa hivyo mwaka mzima bila ya mtu kuthubutu kumwambia. Kurasa sita, na nilizicheka mwenyewe. Juzi nimezichana zote.

Sikuweza, wanangu. Tangu siku ile niliyopanda manowari pale bandarini Mutrah, kila nikishika kalamu linanijia jambo moja tu, na kila likinijia nnashtuka upya kama kwamba ndo kwanza naambiwa. Mie Rahma, niliyekusumbueni nyote kwa lenzi na glavu, niliandika barua nikamfufua mtu aliyekufa, kisha nikamtwika dhambi asiyoifanya. Na barua yenyewe ilianza na neno "Tunafurahi". Lahaula! Basi ntakusimulieni hilo, toka mwanzo wake, na vyeo na mishahara wataandika wenye navyo.

Nilipoajiriwa, ofisi ilikuwa chumba kimoja Ruwi, hapa Maskati, juu ya duka la vitambaa, karibu na kituo cha mabasi. Kazi yetu ilikuwa kukusanya karatasi za meli zilizopita maji ya Maskati na ya Unguja, kuzinakili, kuzifasiri, na kuwajibu watu wanaokuja kuuliza jamaa zao walioingia melini wasirudi. Nilichukuliwa kwa kuwa nilikuwa mmoja wa watoto wa Unguja: nnajua Kiswahili cha nyumbani, Kiarabu cha skuli na Kiingereza cha kuungaunga. Nilidhani siku ya kwanza ntakalishwa mbele ya taipu. Nilikuwa nimeshapaka na hina.

Maalim Khalfan, aliyekuwa mkubwa wa chumba hicho na mwalimu wangu, hakunipa taipu. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alinipa glavu za pamba, brashi laini, lenzi yenye mpini wa shaba, na penseli aliyoichonga mwenyewe kwa kisu. Kalamu ya wino kwake ilikuwa haramu. Hata mgeni wa serikali akiiacha mlangoni pamoja na viatu vyake. Kisha akaniweka nihesabu pembe za kurasa. Wiki nzima, wallahi, mtu mzima nimekaa nnahesabu pembe!

"Una pembe ngapi hapo?" ananiuliza.

"Nne, Maalim."

"Na hapa?"

"Tatu. Moja imeliwa."

"Basi hapo huna ukurasa, una kipande. Na kwa kipande hatumjibu mtu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake yote, na nyie nyote nimekupeni. Pembe nne. Mkiniona nnakuja mkawa mnanong'onezana "pembe nne huyo anakuja," mkidhani sisikii.

Meli ya kwanza aliyonipa kuisoma ilikuwa Wardale, manowari ya Kiingereza ya aina wanayoiita destroya: nyembamba, ya mbio, kazi yake kulinda misafara ya meli za mizigo na kuwinda nyambizi. Iliundwa kabla ya vita vya pili, ikapewa jina la bonde moja la huko kwao. Vita vilipoanza ilikuwa kaskazini kwenye baridi, ikagongwa kwenye ukungu na meli ya wenzao wenyewe, ikatengenezwa, ikaletwa huku kwetu. Ilitia nanga Unguja, Mombasa, Aden na hapa Maskati. Watu wa bandarini Unguja hawakuweza jina lake, wakaiita Bomba Mbili, kwa zile bomba zake mbili za moshi. Iliokoa watu wa meli ya mafuta iliyozamishwa, ikasindikiza meli za askari, kisha siku moja ndege ikaiangushia bomu chumba cha mashine kikaungua. Haikuzama. Ilikokotwa mpaka Aden, ikazibwa, ikarudi kazini mpaka vita vikaisha, na baada ya hapo ikauzwa chuma.

Miaka mingi baadaye wakaunda manowari mpya, wakaipa jina lilelile la Wardale, ikawa somo wake. Desturi yao ndo hiyo, meli hufa na jina hubaki kazini. Sentensi hiyo niliiandika mwenyewe kwenye muhtasari, nikaiona tamu, na Maalim akanisifu. Sikuielewa hata chembe.

Manowari hizo zilipokuwa huku zikichukua vibarua wa pwani wa kusugua deki, kupaka rangi na kutia mafuta mashine. Makarani wa melini hawakutaka taabu ya majina yetu, mtoto wa fulani bin fulani. Waliwaandika majina ya mzaha, Jack Kamba, Jim Jumapili, Tom Chupa, na chini ya jina hilo mtu akala, akalala, akatumwa. Nami nilicheka nilipoyasoma. Nilikuwa kijana, na kijana hucheka chochote.

Sikuwa nimemaliza mwaka walipokuja Bi Nunu na binti yake Zuwena. Bi Nunu alikuwa mtu mzima wa Kiunguja, amejifunga vizuri, mkoba ameupakata. Zuwena alikuwa na miaka kama arubaini wakati huo. Maalim hakuwapo, alikwenda kijijini Yiti kuzika, na huko angekaa siku tatu. Nilikuwa peke yangu na enzi yote mikononi mwangu.

"Mwanangu, namtafuta mume wangu," Bi Nunu akasema.

"Jina lake nani, Bi Mkubwa?"

"Masoud bin Hemed. Alikuwa fundi seremala, akaingia Bomba Mbili kutia mafuta mashine. Aliondoka huyu hapa hajaota meno."

Nikatoa fomu, nikajaza. Fomu yetu ilikuwa na pahala pa alama za mwilini, nami nikauliza. Bi Nunu akanyoosha dole gumba lake la kulia, akalipiga mstari kwa ukucha wa mkono wa pili, toka juu mpaka chini.

"Hapa. Msumeno ulimpasua alipokuwa kijana. Likapona vibaya, likawa kama lina mlango." Kisha akatabasamu. "Melini wakimwita Tom Chupa. Alinihadithia mwenyewe, anacheka mpaka machozi. Akaniambia, Nunu, kule ntakuwa Tom, nikirudi nyumbani ni Masoud."

Nikaandika yote, kovu na Tom Chupa, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Nnataka kujua moja tu," akasema. "Wengine waliambiwa za waume zao, mie hapana aliyeniambia. Watu walinichumbia, nikawajibu mie mke wa mtu. Kama amekufa, nimlilie. Kama yu hai, nijue. Basi."

Niliwaambia warudi kesho. Nikatia filamu mashineni, ile filamu tuliyoletewa yenye picha za kurasa za daftari la vibarua wa Wardale. Haikuchukua asubuhi moja. Tom Chupa, mtia mafuta, ameingia Unguja. Nikasokota filamu, Tom Chupa yupo. Nikasokota tena, kabla ya bomu yupo, baada ya bomu yupo, na mwisho kabisa, vita vimekwisha: Tom Chupa, ameshushwa Mombasa, mzima. Nilipiga ukelele wa furaha peke yangu chumbani.

Pembe niliziona. Msidhani sikuziona. Kila ukurasa kwenye filamu ile ulikuwa na pembe mbili tu, za kushoto. Aliyepiga picha alisogeza kamera karibu ili herufi zionekane kubwa, akaukata upande wote wa kulia. Sauti ya Maalim niliisikia sikioni. Nikaijibu: Maalim yuko Yiti, na mama wa watu atakuja kukaa kwenye benchi. Methali ya haraka mnaijua, hamna haja ya kutajiwa.

Nikapiga taipu: "Tunafurahi kukujulisheni kwamba Tom Chupa, yaani Bwana Masoud bin Hemed, alinusurika vitani, na vita vilipokwisha alishushwa Mombasa akiwa mzima wa afya." Nikapiga muhuri. Ukatoka hafifu, nikapiga wa pili.

Bi Nunu hakujua kusoma, nilimsomea. Nilikuwa nikingojea vigelegele. Hakupiga.

"Mzima?" akauliza.

"Mzima, Bi Mkubwa."

"Mikono yake, miguu yake?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mombasa," akasema. "Mombasa na Unguja ni safari ya siku moja kwa meli." Akainuka. "Ahsante mwanangu. Umefanya kazi yako." Binti yake akaichukua barua akaikunja, wakateremka ngazi. Nami, punda miye, nikasema furaha imemziba mama wa watu kinywa.

Maalim aliporudi nilimsimulia kwa mbwembwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu.

"Pembe ngapi?"

"Nne," nikasema.

Nilimdanganya, na hilo sijapata kumwambia mtu. Alikwenda zake kwenye rehema ya Mungu akiamini kwamba mwanafunzi wake hajapata kujibu mtu kwa kipande.

Yaliyobaki ya miaka hiyo ni kazi, na mengine mnayajua. Tulihama chumba, tukapata viyoyozi, zikaja kompyuta, nikawa mie ndiye wa kuogopwa. Khabari za Bi Nunu zikanifikia kwa wanawake, kwenye maharusi. Siku ileile niliyomsomea barua, alifungua sanduku alilotoka nalo Unguja, akatoa kanzu ya Masoud aliyoitunza miaka yote hiyo, akaikata vipande akafanya matambara ya jikoni. Jina lake likawa halitajwi nyumbani. Alikufa miaka michache baadaye. Na mie nilifanya nini? Niliifanya hadithi! Niliisimulia kwa maharusi na kwa chai ya ofisini: wanaume hawana wema, yuko mmoja mke alimngojea umri mzima, kumbe mwenzake kashuka Mombasa kajikalia zake. Nyie wengi mliisikia kwangu, mkacheka, nami nikacheka nanyi.

Sasa nafika pale. Mwezi wa kustaafu kwangu ndo ilipokuja Wardale mpya Mutrah kwa ziara ya siku chache. Wakaandika barua ofisini kwamba vitu vya manowari ya kwanza huhifadhiwa ndani ya somo wake: kengele, ubao wa vita ilivyopigana, na daftari moja kuukuu la vibarua wa pwani. Wangependa mtu wetu aende akalitazame. Wakubwa wakasema apelekwe Bi Rahma, iwe zawadi yake ya kuagwa. Hiyo ndo zawadi niliyopewa.

Nilipanda ngazi ile na begi langu la glavu. Aliyenipokea alikuwa afisa mwanamke, kijana, mchangamfu, akanikaribisha chai. Nikamwambia chai na daftari havikai meza moja, akacheka, akaiondoa. Daftari lilikuwa juu ya kitambaa cha kijani. Nikalifungua, na kwa mazoea nikahesabu. Pembe nne. Na upande wa kulia, ule uliokatwa kwenye filamu, palikuwa na safu nisiyopata kuiona katika maisha yangu.

Yalikuwa madole. Kila kibarua alipoingia melini, na kila alipotoka, alichovya dole gumba la kulia kwenye wino akalibandika mbele ya jina lake.

Nikamtafuta Tom Chupa kwa mchezo tu, kama mtu anavyomtafuta jirani kwenye picha ya skuli. Tom Chupa, ameingia Unguja. Mbele yake dole jembamba, na katikati mstari mweupe, toka juu mpaka chini. Ule mlango wa Bi Nunu. Nilifurahi, wanangu, niliuona kama nimemwona mtu. Nikafunua mpaka mwisho. Tom Chupa, ameshushwa Mombasa, mzima. Mbele yake dole pana, la mviringo, zima kabisa. Halina mstari.

 Nikasema huyu kabandika mkono wa kushoto. Nikatazama juu ya safu, imeandikwa kulia. Nikasema kovu limepona. Kovu gani hupona likarudisha mistari ya ngozi na dole likawa pana mara moja na nusu? Nikatoa lenzi. Nikarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa mpaka siku ya bomu. Chumba cha mashine, waliokufa wakazikwa baharini: Wazungu wanne, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Chini yao mstari mmoja: "na kibarua mmoja wa pwani." Bila ya jina. Ukurasa wa pili wake, Aden: Tom Chupa, mtia mafuta, ameingia. Dole pana. Mistari hiyo ilikuwamo hata kwenye filamu, nami niliisokota mbio nikitafuta jina tu.

"Huyu ni mtu mmoja?" nikamuuliza yule afisa. 

Akainama akatazama. "Hapana, ni wawili. Jina lilikuwa la ile kazi, halikuwa la mtu. Mmoja akiondoka, anayeingia anarithi jina na pahala pa kulala. Kama meli yetu hii na ile ya kwanza." Alikuwa akitabasamu. Kisha akaniona uso, akanivutia kiti upesi. "Kwani ulikuwa ukimjua?"

"Nilimwandikia mkewe," nikasema.

Sikumbuki nilivyoteremka. Nakumbuka nimefika ofisini nikafungua kabati la zamani, nikalitoa lile faili. Fomu ilikuwamo, kwa mwandiko wangu mzuri: "Dole gumba la kulia, kovu la msumeno." Na nakala ya barua, na mihuri yake miwili. Nilikaa chini sakafuni baina ya makabati, nikalia mpaka mlinzi akaja kuuliza nani amefiwa. Nikashukuru kwamba Maalim hakuishi kuyaona haya, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Baadhi yenu mlinihurumia. Mmoja akanambia, "Bi Rahma, liache, maiti wa enzi hizo." Mkubwa mmoja akanishauri tupeleke barua ya masahihisho, yenye nambari ya kumbukumbu. Nikamwambia barua nimeshaandika moja, inatosha.

Bi Zuwena alikuwa bado yu hai, na alikuwa akikaa hapohapo Ruwi, dakika kumi kwa miguu kutoka ofisini. Miaka yote hiyo, dakika kumi! Mlango nilifunguliwa na Nakato, mama wa Kiganda anayemtunza.

"Karibu madam. Mama anakunywa chai," akasema, akanitazama. "Mbona macho yako mekundu hivyo? Umeleta matatizo?"

"Nimeleta msiba wa zamani," nikamwambia. Akanipisha bila ya kuuliza tena.

Bi Zuwena sasa ni kikongwe, macho yake mazima, maneno yake makali. "Ee, mwenye barua," akasema. Alinikumbuka. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa kwenye zulia mbele yake, nikamwambia yote kwa mfululizo, filamu, pembe, madole, na uwongo niliomwambia Maalim. Sijui kwa nini nilimtia na Maalim. Yalitoka tu.

Kikombe alikiweka chini, kikakosa kisahani, chai ikamwagika mpaka zuliani. Hakukitazama.

"Yule wa Mombasa nani?"

"Mtu mwengine. Jina lake la kweli halimo."

"Na baba?"

"Alikufa chumba cha mashine, siku ya bomu. Wakamzika baharini."

"Mie nikiwa bado sijaota meno."

"Bado, Bi Zuwena."

 Akajipiga kofi la kinywa, kwa nguvu, Nakato akaja mbio kumshika mkono. "Mama yangu alikufa mkono wake umo mkononi mwangu," akasema. "Nikamwambia, mama, unaondoka, msamehe baba. Akanambia, wote nimewasamehe, Masoud sikumsamehe. Akatoa shahada akaenda. Na mie nikamfuata! Kila nikiomba dua nnawaombea wazee wa watu wote, nnamruka baba yangu. Baba yangu yuko chini ya bahari, na sisi tunamruka!"

Nilikuwa nimechukua picha ya lile dole la kwanza. Nikamtolea. Aliishika karibu na macho, akaupitisha ukucha wake juu ya ule mstari, toka juu mpaka chini, vilevile kama alivyofanya mamake siku ya fomu.

"Nisamehe, Bi Zuwena," nikasema.

"Usinambie samahani. Samahani ni ya aliyekukanyaga mguu." Akafuta macho kwa upande wa kanga. "Nakato! Tandika mikeka. Tuna msiba."

"Msiba wa nani, mama?"

"Baba yangu amekufa."

Mpwa wake mmoja aliposikia akaja kwa gari, kanzu yake ya dishdasha imenyooka, akamweleza kwa adabu kwamba tanga ni siku tatu tangu mtu kufa, na huyu ana umri wa mtu mzima kaburini, tena kaburi hana.

"Siku tatu tangu kufa, au tangu kupata khabari?" akamuuliza.

Mpwa akamjibu, "Kuna wanaosema tangu khabari, shangazi."

"Basi mie khabari nimeipata leo saa nne asubuhi. Kalete maji na kahawa." Kisha akanigeukia. "Na weye utakaa mlangoni. Kila anayekuja atauliza nani amekufa, na mie sina pumzi za kusimulia. Utasimulia weye. Na ile Tunafurahi uitaje."

Nilikaa mlangoni siku tatu, kwenye kiti cha plastiki, baina ya lifti na viatu vya watu. Wanawake walikuja mbio wakidhani aliyekufa ni Bi Zuwena, wakamkuta mzima amekaa na msahafu, wakarudi kwangu na macho yamewatoka. Nikawaambia. Wako waliosema "Subhanallah" wakaingia. Wako walioshindwa kujizuia wakacheka, kisha wakalia. Mmoja aliyekuwa rafiki wa Bi Nunu alinisikiliza mpaka mwisho, nikampa mkono, hakuupokea. Wenzake Nakato walikuja Ijumaa, siku yao ya mapumziko, wengine wamevaa misalaba, wakaleta soda, wakasimama wakanisikiliza. "Yaani alimngojea hivyo, halafu mkamwambia ni mzima?" mmoja akauliza. Nikamjibu si sisi, ni mie.

Siku ya tatu ulimi ulikuwa umeshazoea njia, na nilijikuta pale pa Maalim nnaparuka. Sauti ikatoka ndani: "Rahma! Na Maalim pia!" Nikarudi nikapasema.

Alasiri ya siku hiyo ikasomwa khitma. Bi Zuwena akainua mikono, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya barua jina likatajwa katika nyumba hiyo. Akasema, "Mola mrehemu baba yangu, Masoud bin Hemed." Kisha akaongeza, "Na umsamehe mama yangu. Hakujua. Aliambiwa." Watu wote wakaitikia amini, na hapana aliyegeuka kunitazama, nami nilitamani wageuke.

Watu walipokwisha kutoka nilichukua mkoba wangu, nikaingia kuaga.

"Bi Zuwena, nimemaliza?"

Alikuwa ameipakata ile picha ya dole. 

"Umewaambia waliopita mlangoni kwangu," akasema. "Uliowahadithia kwenye maharusi je?"

Ndo nyie. Basi kaeni msikilize, na mliowasimulia nanyi muwarudie mmoja mmoja. Masoud bin Hemed, fundi seremala, mtia mafuta wa manowari Wardale, hakumkimbia mkewe.